UZI: Kazi usiyoipenda ifunge na kitu unachokipenda (wana Mtwara na Lindi, tujadili kwa vitendo)

Mwambao_Kusini (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote, kuanzia Kilwa mpaka Tandahimba.

Kila nyumba ina kazi za kujirudia ambazo hazimvutii mtu: kufua, kuchambua choroko, kupiga pasi sare za watoto, kuandika mauzo ya duka, kutembea kwa ajili ya presha. Dawa tunayopewa kila siku ni nidhamu. Nidhamu inafaa, lakini inaishiwa nguvu mapema, hasa jioni mtu akiwa na njaa na usingizi. Ipo njia inayombeba mtu mbali zaidi. Chukua kitu unachokitamani, ukiweke mahali ambapo hukipati mpaka uwe unaifanya ile kazi.

Wengi wanafanya nusu yake tu. Anaweka muziki akifua, halafu muziki huohuo yuko nao akila, akiwa kwenye bajaji, akienda kulala. Muziki wa namna hiyo haumpeleki mtu kwenye beseni, maana anaupata bure kila mahali. Kitamu lazima kiwe na kufuli.

Hili limepimwa. Mwaka 2014 Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa watu 226 waliotaka kufanya mazoezi. Kundi la kwanza lilipewa riwaya za kusikiliza, zile ambazo ukianza hutaki kuacha, lakini kifaa chenye riwaya kilifungiwa jimu. Ukitaka kujua kilichotokea mbele, uende jimu. Kundi la pili walipakiwa riwaya kwenye vifaa vyao wenyewe, wakahimizwa tu wasisikilize nje ya jimu. Kundi la tatu halikupewa riwaya. Mwanzoni, kundi la kwanza lilikwenda jimu kwa asilimia 51 zaidi ya kundi la tatu, na kundi la pili kwa asilimia 29. Makundi haya mawili yalikuwa na riwaya za aina ileile. Kilichowatofautisha ni kufuli.

Sasa kwetu hapa. Kabla hujachagua kitamu, tazama kazi yako inakula nini: mikono, macho, masikio au akili. Kitamu kichukue kile ambacho kazi imekiacha.

Kufua kunakula mikono. Masikio na akili vimebaki, kwa hiyo hadithi ya kusikiliza inakaa vizuri. Kukuna nazi kunakula mikono na macho. Ukiweka video hapo, baada ya dakika mbili vidole viko kwenye meno ya mbuzi, kwa hiyo weka sauti tu. Kupiga pasi ni vilevile, na pasi ya mkaa ina hatari zaidi kwa sababu haijizimi. Kuandika hesabu za duka kunakula akili na macho. Hapo hadithi haiingii kabisa, wala nyimbo zenye maneno, kwa sababu utaandika 15,000 mahali pa 50,000 na hutajua kosa limeingia wapi. Hesabu zipe kitamu cha mdomo au cha mahali: kahawa ya tangawizi, kashata moja, kiti chini ya mwembe ambacho hukalii ila wakati wa hesabu.

Kufuli lenyewe linatengenezwa hivi. Tafuta simu ya zamani au redio ndogo inayosoma memori kadi. Pakia hadithi humo, kisha zifute kwenye simu yako ya kila siku. Kile kifaa kikae na vitu vya kazi: kwenye ndoo ya sabuni, kwenye kapu la nguo chafu, kwenye meza ya pasi. Kisipande kitandani. Mwenye simu moja tu aitoe memori kadi na kuikabidhi kwa mtu wa nyumbani, mke, mume au mdogo wake, arudishiwe pale tu beseni likiwa tayari lina maji.

Halafu sema kwa maneno kamili lini na wapi: "Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi, uani, naloweka nguo, nawasha hadithi." Nia isiyo na saa wala mahali huwa inaishia hewani.

Karibuni. Naomba kila mtu aje na kazi anayoijua kwa undani, siyo "jitahidi tu utaweza".

---

Mama_Choroko (Nachingwea)

Asante mleta uzi. Nianze na kuchambua choroko, kwa kuwa ndiyo kazi inayopokea kitamu vizuri kuliko zote, lakini ina mtego wake.

Mtego ni kwamba hadithi ikinoga, mikono inasimama. Ukimtazama mtu anayechambua choroko huku anasikiliza, pale kwenye kisa kikali utamkuta ameshika kokoto moja hewani. Ukipima kazi kwa muda, saa imekwisha na sinia liko nusu. Kwa hiyo pima kwa sinia: sehemu moja ya hadithi kwa sinia moja. Sinia likiisha kabla ya hadithi, ongeza choroko. Hadithi ikiisha kabla ya sinia, malizia kimya na usifungue sehemu ya pili mpaka sinia la pili limwagwe. Wiki ya kwanza utajua mwendo wako, na utaanza kuchagua hadithi kwa urefu unaolingana na sinia lako.

Sinia liwe na tabaka moja tu la choroko, usirundike. Likirundikwa, macho yanahitaji akili zaidi kutafuta mawe, na hadithi inaanza kugombania akili hiyohiyo. Tandaza sehemu yenye mwanga wa pembeni, mlangoni au barazani. Kokoto zinatoa kivuli na jicho linaziona haraka.

Kupeta ufuta ni habari nyingine. Hapo unausikiliza upepo, na ungo unataka mkono uliotulia. Nyimbo zinafaa kuliko hadithi. Simu iwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, maana vumbi la ufuta linaingia kwenye tundu la chaji na kwenye spika. Msimu wa mnada uchafu unakula bei, kwa hiyo anayejijua akili yake inahama upesi apete kimya, kisha hadithi aiweke kwenye kushona magunia.

---

Kijana_wa_Ligula

Mkuu, wazo zuri lakini bando je? Kusikiliza kila siku ni gharama.

---

FundiSimu_Lindi

Kijana, gharama iko kwenye kusikiliza moja kwa moja mtandaoni, tena wengi wanasikiliza kwa kufungua video na kuilaza simu kifudifudi. Unalipia picha ambayo huitazami.

Piga hesabu hivi. Sauti ya maongezi iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 29 kwa saa nzima. Kwa kilobiti 128, karibu MB 58. Video ya kawaida inakula MB mia kadhaa kwa saa hiyohiyo. Kwa hiyo pakua sauti mara moja, usiku kama una bando la usiku au mahali penye waifai, kisha sikiliza data ikiwa imezimwa. Memori kadi ya GB 16 inabeba zaidi ya saa 500 za maongezi kwa kilobiti 64. Hutazimaliza kwa kufua.

Kuzima data kunasaidia pia lile kufuli la mleta uzi. Ujumbe ukiingia katikati ya kazi, mkono unafutwa kwenye kanga, simu inashikwa, na dakika ishirini zimekwenda.

Mwenye simu ya kitochi asijione ameachwa nyuma. Simu hizo nyingi zina redio, na waya wa hedifoni ndio antena yake. Ndiyo maana ukichomoa waya redio inakataa au inakwaruza. Chomeka waya, kisha ruhusu sauti itoke kwenye spika ya simu. Kitamu kiwe kipindi chenye saa maalumu: simulizi, taarabu ya jioni, matangazo ya mpira. Redio ina faida moja ambayo memori kadi haina. Kipindi hakikusubiri, kwa hiyo kazi inaanza kwa wakati.

Maji ya sabuni yanaua simu. Iweke juu, kwenye dirisha au kwenye tawi, hatua mbili kutoka kwenye beseni, sauti itoke kwa spika. Hedifoni za waya kwenye kufua zinanaswa na mkono na kuchovya simu majini. Kwa wanaotumia hedifoni, Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Na ukiwa na jiko linawaka au mtoto mdogo yuko karibu, acha sikio moja wazi.

---

Daraja_la_Kwanza (Newala)

Niongelee korosho, maana watu watasoma uzi huu na kuingiza hedifoni kila mahali. Kazi za korosho hazifanani, na kuna hatua ambazo kitamu ni hatari.

Kupuliza salfa (dawa ya unga ya mikorosho): hapana. Kazi inafanyika alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia, ndiyo unga unashika. Motopampu inanguruma, hedifoni ukivaa utaongeza sauti kuishinda mashine na utayaumiza masikio. Zaidi ya hapo unahitaji kumsikia mwenzako na kuutambua upepo unapogeuka, la sivyo salfa inakurudia machoni. Hakuna kula, hakuna pipi mdomoni, hakuna sigara. Kitamu cha salfa kije baada ya kazi, kwa mpangilio usiobadilika: vua nguo za kazi nje, oga kwa sabuni, kisha chai nzito na chapati au mihogo ya kukaanga. Vile vinavyoliwa siku ya salfa visiliwe siku nyingine za wiki hiyo. Mtu ataamka.

Kuokota: ndiyo, tena sana. Mikono na macho vina kazi, masikio yako huru, na kazi ni ndefu. Ila spika, siyo hedifoni. Shambani kuna nyoka kwenye majani makavu, nao unawasikia kabla hujawaona. Spika ndogo ining'inie kwenye mti ulio katikati ya eneo mnalookota, na ihame mkihama. Hapo inatokea jambo zuri: anayetaka kusikia vizuri hawezi kuachwa nyuma sana.

Kutenganisha korosho na bibo (tunda lake) pia ndiyo. Simu isiguswe na mikono ya bibo, maana utomvu unanata na kutia madoa.

Kubangua ndipo pa kuangalia. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi na kuacha malengelenge. Anayekata kwa mashine ya mkono au kugonga kwa kijiti hupaka mikono mafuta ya kula au majivu, au huvaa glovu. Mikono hiyo ikigusa simu, mafuta yanahamia kwenye simu, kutoka kwenye simu yanahamia shavuni na machoni. Kwa hiyo orodha ya hadithi ipangwe ijiendeshe yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho wa zamu, simu ikae kwa mtu asiyekata. Na usitafune chochote. Mtu anayebangua huku anakula karanga anapeleka sumu ya ganda mdomoni mwenyewe.

Kumenya ngozi ya ndani, baada ya korosho kupita kwenye oveni na kukauka, ni kazi safi na ya kuchosha akili kuliko zote. Huko jaza hadithi utakavyo. Kasi inaweza hata kupanda, kwa sababu mikono iliyozoea haihitaji kufikiriwa. Chakula kisiwepo mezani kwa ajili ya usafi wa mzigo.

Kupanga madaraja: zima kila kitu. Daraja la W320 maana yake ni punje nzima 300 hadi 320 kwa ratili moja. W240 ni 220 hadi 240. Jicho linapima ukubwa, rangi na mipasuko kwa pamoja, na akili inahesabu. Mtu akicheka kisa cha hadithini, punje iliyopasuka imeingia kwenye nzima na mzigo wote unashushwa. Kama lazima pawe na sauti, basi ngoma isiyo na maneno, kwa chini.

---

Kijana_wa_Ligula

Daraja la Kwanza, shukrani. Kwa hiyo kanuni siyo "sikiliza ukifanya kazi" bali kuna kazi za kitamu wakati wa kazi na za kitamu baada ya kazi?

---

Daraja_la_Kwanza

Ndivyo. Kazi ikiwa na sumu, moto, ncha kali au hesabu, kitamu kinangoja nje ya mlango. Na kikingoja, kisichelewe. Chai iwe imeshachemshwa kwenye chupa kabla hujaingia kazini. Ukitoka kwenye salfa saa tatu na kuambiwa chai bado, kuni hazijakatwa, mwili hauunganishi tena ile kazi na ile chai.

---

Mwalimu_Mtama

Hapo mnagusa jambo la zamani katika saikolojia. Mwaka 1959 David Premack, Mmarekani, alionyesha kwamba tendo analolipenda mtu linaweza kutumika kumvuta afanye lile asilolipenda, mradi lipendwalo lifuate. Aliwapa watoto wa darasa la kwanza mashine ya mchezo na mashine ya pipi. Waliopenda mchezo walikubali kula pipi ili wapate kucheza. Waliopenda pipi walikubali kucheza ili wapate pipi. Maana yake, pipi si zawadi kwa kila mtoto. Mzazi anayempa kila mtoto zawadi ileile anapoteza pesa kwa nusu yao. Mtazame mtoto anafanya nini anapoachwa huru, hicho ndicho kitamu chake.

Kwa kazi za nyumbani za watoto nashauri hivi. Kuosha vyombo na kufagia uwanja viende na sauti: hadithi, nyimbo, redio. Kusoma na kuandika visiende na maneno mengine yoyote, kwa kuwa anayesoma anayasikia maneno akilini, na maneno ya wimbo yanapita kwenye mlango uleule. Kusoma kuwe na mahali na kinywaji. Jamvi lake, taa yake, kikombe cha uji wa ulezi au juisi ya ukwaju anayoinywa pale tu. Dakika 20, kisha mpira nje. Asiambiwe "maliza zote ndipo ucheze" kama zote ni nyingi, kwa sababu kitamu cha mbali hakimvuti mtoto wa miaka minane.

Kosa la wazazi wengi ni kuchukua kitu ambacho mtoto alikuwa anakipata bure, tuseme hadithi ya usiku, na kukigeuza malipo ghafla. Hapo anaona amenyang'anywa, na anaichukia ile kazi zaidi. Leteni kitamu kipya, kile cha zamani kiacheni.

---

Ukili_Mikindani

Kuna upande wa pili ambao haujasemwa. Badala ya kuleta starehe kwenye kazi, peleka kazi kwenye starehe. Akina mama wanaosuka ukili wanajua. Maongezi ya barazani yapo tayari kila alasiri. Ukibeba ukili wako, pingili zinaongezeka bila kuhisi. Kinachotakiwa ni maandalizi. Miyaa (majani ya kusukia) iwe imeshachanwa kwa upana mmoja, imeshatiwa rangi na kukauka, na imelowanishwa kidogo kabla ya kutoka ili isikatike. Ukifika barazani na miyaa mikavu isiyochanwa, utaongea tu na kurudi na kapu kama lilivyotoka.

Weka sharti: sikai barazani mikono mitupu. Mnapokuwa wanne au watano wenye sharti hilo, anayekuja bila ukili anajiona mwenyewe.

---

Nahodha_Kivinje

Ukili, umenena. Sisi upande wa nyavu ni hivyohivyo. Kushona nyavu kunafanyika kivulini, watu watatu wanne, redio moja, na siku ya mechi ya Namungo hutabembeleza mtu kuja. Ila mchezo wa bao, ule wa kete, usiwe karibu. Bao linataka macho na hesabu, na nyavu nazo zinataka macho kwa ajili ya upana wa tundu. Ukikosea tundu moja, unakata na kurudia safu. Jaza sindano zote uzi kabla ya mechi kuanza, tano au sita, ili usiwe unatafuta uzi katikati ya mchezo.

Naongeza kwamba wazee wetu walilijua hili bila kuandikiwa. Nyimbo za kuvuta juya na za kutwanga zilibeba kazi yenyewe. Michi miwili kwenye kinu kimoja bila wimbo inagongana. Wimbo ndio unaompa kila mmoja zamu yake. Kwa kazi za mapigo, yaani kutwanga, kulima, kuvuta kamba, chagua nyimbo zenye mapigo yanayokaribiana na ya kazi. Singeli kwenye jembe itakuchosha kabla ya saa mbili asubuhi.

---

Bi_Tandahimba

Naombeni ufafanuzi. Kama mtu amezoea kufua na hadithi, siku hadithi haipo si atashindwa kufua? Isije ikawa tunalea utegemezi.

---

Mwambao_Kusini

Bi Tandahimba, swali lako ni la msingi, na jibu lina sehemu mbili.

Kwanza, kitamu kinafanya kazi kubwa mwanzoni, wakati kazi haijawa mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo kuanza kujiendesha lenyewe, lakini kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia siku 18 hadi 254. Mambo mepesi kama kunywa maji yaliwahi, mazoezi ya mwili yalichelewa. Kuruka siku moja hakukuharibu. Kwa hiyo usikiondoe kitamu baada ya wiki tatu kwa sababu mtu alikwambia siku 21 zinatosha. Kikae miezi miwili mitatu, halafu jaribu kufua mara moja moja bila hadithi uone mwili unasemaje. Ukiona unaanza mwenyewe, umefika.

Pili, zipo kazi ambazo hazitakuwa mazoea kamwe kwa sababu zinakuja kwa msimu. Kumenya korosho, kuokota, kupeta. Kwa hizo, kuutegemea utamu siyo tatizo hata kidogo. Tatizo ni mtu kuchukia kazi inayomlisha. Mimi naona ni haki ya mtu anayekaa saa sita kwenye benchi kuwa na kitu kizuri masikioni.

Kuna jambo la ule utafiti wa Milkman ambalo nililiacha. Nguvu ya riwaya ilipungua kadiri wiki zilivyokwenda, na ilipofika sikukuu ya Kushukuru ya Novemba huko Marekani, jimu ikafungwa na watu wakasafiri, tofauti ya makundi ikakaribia kuisha. Waliporudi hawakuendelea pale walipoachia. Kwetu sikukuu hizo ni Ramadhani na Idi, Krismasi, msiba wa siku kadhaa kijijini, na wiki ya malipo ya korosho. Panga siku ya kuanza upya kabla haijafika: "Jumatatu ya kwanza baada ya Idi, uani, beseni, hadithi mpya." Iwe mpya, maana ile ya zamani imeshapoa. Hata hivyo, utafiti ulipokwisha, asilimia 61 ya washiriki walikubali kulipa kutoka mfukoni mwao ili waendelee kufungiwa riwaya jimu. Watu wanalithamini kufuli lao wenyewe.

---

Bi_Tandahimba

Nimekuelewa, ahsante. Na kwa Ramadhani yenyewe? Wengine wanaweka Qur'ani wakipika futari.

---

Mwalimu_Mtama

Bi, kisomo kinataka kusikilizwa kwa utulivu, na jikoni kuna mafuta yanayorindima na mtu anaitwa kila dakika. Mawaidha au visa vya mitume vinakaa vizuri zaidi na kazi, na kisomo kipewe wakati wake. Kwa undani wa hukumu muulize sheikh wa msikiti wako.

---

Presha_Shangani

Wakuu, nisaidieni na kutembea. Daktari amesema nitembee, na nimeona kutembea peke yake kunachosha roho.

---

Mwambao_Kusini

Presha, lengo linalotajwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Gawa dakika 30 kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kama daktari wako alikupa kiasi tofauti, fuata chake.

Tafuta simulizi zenye sehemu za dakika 30 hadi 35. Tembea dakika 15 kwenda na 15 kurudi, kwa hiyo katikati ya kisa uko mbali na nyumbani na lazima urudi. Ukifika mlangoni, zima hata kama kwenye kisa mtu ndiyo anafungua bahasha. Hapo ndipo kesho yako inapotengenezwa. Anayemalizia akiwa kwenye kochi amelivunja kufuli.

Saa kumi na mbili asubuhi Shangani pwani kuna hewa na magari machache. Sikio moja tu, na utembee upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja. Viatu, kifaa na hedifoni vikae pamoja karibu na mlango tangu usiku. Na kifaa kichajiwe palepale. Chaji ikiisha njiani mara mbili, kutembea kunaanza kuahirishwa.

Waendesha bodaboda na baiskeli msiingie kwenye mpango huu. Barabarani masikio yote yana kazi.

---

Presha_Shangani

Na hadithi ikiisha kabisa? Ndipo ninapoangukia kila mara.

---

Ukili_Mikindani

Siku unayomaliza ya kwanza, usirudi nyumbani bila kusikiliza dakika tano za ile ya pili. Ziweke kwenye folda moja, uzipe namba 01, 02, 03, kifaa kiunganishe chenyewe bila wewe kuchagua. Ukiacha uchaguzi kwa asubuhi yake, utakaa kitandani unatafuta hadithi, na kutembea kumekwisha.

---

FundiSimu_Lindi

Majina ya faili yaanze na sifuri, 01 siyo 1, la sivyo redio nyingi za flashi zitacheza 10 kabla ya 2, usikie mwisho kabla ya mwanzo.